Salamu ya Hatua Kumi na Mbili

Baba,

Kabla sijaandika neno la pili nakuomba, na ningepiga magoti kama ungekuwa hapa, haya yote yabaki kwako. Usimwambie Babu, ingawa najua mmekaa pamoja sasa na hamwishi kubishana kuhusu upepo. Usimwambie mchungaji wetu wa zamani aliyekutangulia, maana hata huko atayafanyia mahubiri. Karatasi hizi ni za ofisi. Nimechukua nne, na hilo nalo ni siri. Nikimaliza nitazikunja niziweke mahali ambapo hakuna mtu wa ofisini atakayeinama kutazama.

Utaona pia kwamba sijakusalimu. Usidhani nimekosa adabu kwa kukaa mjini Same. Nimeshika kalamu muda mrefu nikiwaza nianze na salamu, kama mtoto yeyote anayemwandikia baba yake, au nianze na hesabu. Nimeanza na hesabu. Iko moja niliikatiza zamani, na leo nataka niifikishe mwisho kwanza.

Tangu masika ulipotuacha, mambo yaliyobadilika si mengi, ila ni yale ninayoyagusa kila siku. Mama yuko Mbaga, kule mlimani, amevuna tangawizi, na bado analala upande wake wa kitanda kana kwamba utarudi umechoka utake nafasi. Kofia yako ya turubai tulimpa Baba Hamisi, kedi mwenzako wa kubeba fimbo za wachezaji wa gofu. Anaivaa kiwanjani tu. Akifika getini anaivua na kuibana kwapani, anasema kofia ya mtu haiendi sokoni bila mwenyewe. Mbuzi wameongezeka. Mchanga wa zile brauni zenu zinazozunguka mashimo, mliokuwa mkiumwagia oili chafu mpira ukae, kwa kuwa nyasi hazikubali hapa, umekauka ukawa mweupe. Bendera ya shimo la tisa ililiwa na mbuzi. Sasa hivi pale linapepea shati la Baba Hamisi.

Mimi bado ni karani wa manunuzi kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Bado naogopa. Bado narudi mlangoni mara mbili kuhakikisha nimefunga. Kila barua naisoma mara tatu kabla ya kuipeleka kwa mkubwa, na nikishaipeleka nakumbuka kosa ambalo halimo. Uliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na ulizoea kusema, "Mama, wewe utaogopa mpaka kivuli chako kikuonee huruma." Sasa hakuna anayeniita mama, Baba. Ofisini naitwa Karani.

Amekuja meneja mpya. Si mtu mbaya. Anaongea kidogo, na anaangalia karatasi kabla ya kumwangalia aliyeileta. Wiki ya kwanza alizunguka shamba lote akafika kiwanjani kwenu, akasimama akicheka peke yake kuona gofu inachezwa kwenye vumbi, katikati ya mkonge, na milima imejipanga nyuma kama watazamaji. Nilidhani ataamuru palimwe. Badala yake akasema patengenezwe, kwani kuna wageni watakaokuja kucheza vuli ikipita. Kisha akaniita. Alitaka nichague kifaa kimoja cha kupimia umbali, makedi wawe wanakitumia, kwa sababu amesikia kwamba kedi aliyekuwa akijua umbali wote kwa miguu amefariki. Alisema hivyo hivyo, kedi aliyefariki. Hakujua anaongea na nani. Sikumwambia. Niliandika kwenye daftari langu, "kifaa, umbali, gofu," na mkono wangu ukaandika vizuri kuliko siku zote.

Halafu akataja mawe yako. Alikuwa ameyaona yote tisa, moja kwa kila shimo, na zile namba nyeupe za yadi kutoka kwenye jiwe hadi katikati ya brauni. Akaagiza kwamba nitakapokuwa najaribu vifaa nipime na kila jiwe, nichore jedwali, nitie sahihi. Mawe yakisema kweli yatabaki. Likidanganya hata moja, yatang'olewa yote yakapange maegesho ya magari mbele ya ofisi, kwa kuwa mgeni akidanganywa mara moja haamini tena. Nilifungua mdomo nimweleze yalivyowekwa. Akainua kiganja.

"Karani, mimi nataka namba. Historia utaniletea siku nyingine."

Muuzaji mmoja wa Moshi alituachia vifaa viwili tuvijaribu, cha kwanza saa na cha pili leza.

Saa ungeipenda kwa wepesi wake. Unaivaa mkononi, inazungumza na setilaiti, na mchezaji akigeuza mkono tu inamwambia bendera iko mbali kiasi gani. Halengi wala hasimami. Niliivaa nikaenda shimo la kwanza, na Baba Hamisi alinifuata nyuma kwa heshima kama mtu anayesindikiza mahari. Saa ikafikiri. Ikafikiri tena. Mwishowe ikaandika kwamba hapa hakuna kiwanja, na kilicho karibu kiko Moshi. Nikamsomea Baba Hamisi. Akavua kofia yako, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nabeba fimbo za watu porini," akasema. "Na mzee wako alikufa bila kuambiwa."

Nikasoma kitabu chake jioni ile, ukurasa kwa ukurasa, unavyonijua. Saa hujua viwanja vilivyokwisha kuchorwa na kuwekwa ndani yake tu. Kiwanja chako hakuna aliyewahi kukichora. Kilikuwa kwenye miguu yako, nawe umeondoka nayo.

Leza ni kama darubini ndogo ya jicho moja. Unasimama, unalenga bendera, unabonyeza, na namba inatokea ndani ya kioo. Lazima mkono utulie. Wa kwangu hautulii, unajua, kwa hiyo mara ya kwanza nilipima mlingoti wa mkonge ulioko nyuma kabisa ya bendera. Baba Hamisi akaniambia nibane kiwiko kwenye mbavu, kama mtu anayeficha mkate. Ikatulia.

Jiwe la kwanza limeandikwa mia na hamsini. Nikasimama juu yake, nikabonyeza. Mia na thelathini na saba.

Nikabonyeza tena. Ileile.

Jiwe la pili linasema mia na ishirini. Kifaa kikasema mia na kumi. La tatu linasema mia na themanini. Kifaa, mia na sitini na tano. Baba, nilikaa chini kwenye jiwe lile la tatu. Niliwaza watu wote waliowahi kukuita Mzee Hatua kwa sifa. Niliwaza mawe yako yamepangwa mbele ya ofisi, magari yakiyagonga kwa tairi. Baba Hamisi aliuliza kulikoni, nikampa kifaa, akakigeuza huku na huku, akasema yeye macho yake yanaona fimbo na mpira, basi. Nilipokipokea tena ndipo nikaona kwenye kona ya kioo herufi moja ndogo kama sisimizi. M.

Mita, Baba. Nilikuwa nakupima kwa mita, wewe uliyetembea yadi maisha yako yote.

Kuna kitufe cha kubadili. Nikakibadili, nikarudi jiwe la kwanza nikikimbia kama mtoto. Mia na hamsini. La pili, mia na ishirini. La tatu, mia na themanini na moja, na Baba Hamisi akasema hiyo moja ni ya aliyechomeka bendera, si ya marehemu. La nne sawa. La tano sawa. La sita sawa kabisa, na hapo nilikuwa nikicheka na machozi yananitoka, na Baba Hamisi akaniacha akaenda kuswali alasiri akiwa ananitikisia kichwa.

Nikaenda la saba peke yangu.

Unalijua shimo la saba. Ndilo linaloelekea mlimani, ambako upepo wa Same hushuka ukimpiga mtu usoni. Jiwe linasema mia na arobaini. Niliangalia herufi ya kona kwanza. Ilikuwa ya yadi. Nikabana kiwiko, nikabonyeza.

Mia na hamsini na mbili.

Nilibonyeza mara sita. Sikushangaa, Baba. Nilikuwa nikiingoja namba hiyo kwa miaka kumi na saba.

Hapa ndipo ninapokuomba tena usimwambie mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitoka shule na sare yangu imejaa vumbi, ukaniambia niweke mkoba chini nikusaidie. Ulikuwa ukitoka kwenye bendera ukirudi nyuma kuelekea wachezaji wanapoanzia, hatua sawa, hatua sawa, magoti yakipanda kama ya mtu anayevuka maji. Ulisema, "Miguu ikipima, kichwa kinanyamaza. Wewe ndiye kichwa." Nikafuata nyuma yako nikihesabu kwa sauti ndogo. Nilijiona mtu mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Nilipofika tisini na tatu, Bibi Mwanaidi akatokea kwenye mkonge na mbuzi zake. Wewe na yeye mlishasalimiana asubuhi. Uliinua kofia tu, ukapita, maana hatua ikikatika imekufa. Mimi nilikuwa sijamsalimu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, na salamu yake haikuwa na mlango wa nyuma. Mama hajambo? Mlimani kuna baridi? Maharage yametoka? Mwalimu anawachapa? Na yule kuku wenu aliyekuwa anaumwa? Ningemwachaje katikati? Nilijibu moja moja, mbiombio, huku mgongo wako unazidi kuwa mdogo. Aliponiachia nilikimbia, nikakufikia, na sikujua umeenda hatua ngapi bila mimi. Nikasema tisini na nne.

Nilipofika mia na arobaini nikakuita. Ukasimama.

"Ngapi, mama?"

"Mia na arobaini."

Uliniangalia. Ukaiangalia bendera kule ulikotoka. Ukaniangalia tena. "Sawa," ukasema, ukaliviringisha jiwe mahali pale, na kesho yake ukalipaka namba niliyokupa.

Sikuwahi kukwambia. Kila nilipotaka, nilisikia wachezaji wakikusifu, nikaogopa zaidi. Nilikuwa nikija baada ya shule nikukute shimo la saba na mchezaji amesimama kando ya jiwe, na wewe unamkumbusha kwa sauti yako ya upole, "Mzee, hapa usisahau salamu." Wote wanacheka, wanainua mkono kuelekea kwenye kibanda cha Bibi Mwanaidi pale pembeni, kisha wanabadilisha fimbo. Nilidhani unawafundisha adabu. Nilijisemea, baba yangu hata wakubwa anawakumbusha kusalimia.

Basi, siku mbili nilikaa na jedwali mezani. Safu nane zimejaa, ya saba iko wazi. Niliandika mia na arobaini kwa penseli, nikafuta. Nikaandika mia na hamsini na mbili, nikafuta, karatasi ikaanza kutoboka. Ningeandika namba ya jiwe, nani angekwenda kupima tena? Lakini sahihi ni yangu, na uongo ukiwa na sahihi hauna usingizi. Na ningeandika ya kweli, mawe yote tisa yangekwenda, na kutoka kedi aliyefariki ungekuwa kedi aliyekosea. Kwa kosa langu. Hilo ndilo lililonizuia, kwamba watu wangesema miguu yako ilidanganya, nawe huna tena mdomo wa kuikana.

Ijumaa nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niajiriwe. Niliivingirisha leza kwenye kitenge, nikaitia mkobani, nikapanda nayo Mbaga bila ruhusa ya mtu. Nilitaka nimwambie Mama. Alinipakulia makande, akanitazama nikichagua mahindi na kuacha maharage kama nifanyavyo nikiwa na jambo, akangoja. Nikasifia makande, basi.

Asubuhi nilisimama mlango wa jikoni nikalenga msalaba wako pale juu, penye migomba. Usinicheke. Nilitaka kujua. Mama alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji ya maua.

"Unampima baba yako ili iweje?"

Nikasema najaribu kifaa. Akauliza kinasemaje. Nikamwambia kinatoa namba mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, kama kamba iliyovutwa, ishirini na sita. Ya pili kinaongeza kwa ajili ya mwinuko, kama miguu inavyousikia, thelathini na moja.

"Hiyo ya pili ndiyo ninayoijua," akasema, akapanda na ndoo yake.

Nilirudi Same Jumapili baada ya ibada. Jumatatu mapema nikamfuata Baba Hamisi kiwanjani. Nilimkuta shimo la tisa anafunga shati lake vizuri kwenye mti wa bendera. Sikumsalimu vizuri, nilianza kulia, nikamwambia jiwe la saba limepungukiwa yadi kumi na mbili, na aliyelipunguza ni mimi, na sijui niandike nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, Baba. Alicheka mpaka akaishika kofia isidondoke.

"Wewe mtoto, umesoma mpaka chuo, hujui salamu ni hatua ngapi?"

Nikafuta macho kwa kiganja.

"Salamu ni kumi na mbili. Kedi gani hapa hajui? Ukifika la saba unamwambia mchezaji asisahau salamu, anaongeza kumi na mbili, anachukua fimbo ndefu. Kina nani walikuwa hawajui? Labda wewe na mbuzi."

Ndipo akanieleza. Kwamba jioni ileile, mimi nikiwa nimeshatangulia nyumbani, ulirudi peke yako na kutembea upya, polepole, ukihesabu kwa mdomo ingawa ulisema huwezi. Kwamba yeye alikukuta umesimama kwenye jiwe, akakwambia kumi na mbili ni nyingi, shika upande huu tulisogeze kabla rangi haijapakwa. Na ukakataa. Anakumbuka ulivyosema, na mimi nimeyaandika mara moja nisije nikayapoteza kama nilivyopoteza zile hatua:

"Mtoto alisimama kumsalimu mtu mzima. Nikilisogeza hili jiwe, kesho atapita bila kusalimia ili asipoteze hesabu. Liache. Watu wazima tutaongeza wenyewe."

Miaka kumi na saba, Baba. Kila mchezaji, kila mzunguko, ulibeba kosa langu mdomoni mwako ukaligeuza kuwa adabu. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale nikidhani naficha.

Alasiri ile nilikwenda shimo la saba kupima mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kioo niliposikia kengele ya mbuzi. Bibi Mwanaidi. Sasa anatembea na fimbo na ana mbuzi watatu tu, na macho yake yanaona kivuli kabla ya mtu. Nikashusha kifaa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, huyu ni yule wa Mzee Hatua, nikasema ndiye. Tukaanza. Mama hajambo. Baridi ipo. Tangawizi imetoka vizuri. Mwalimu hanichapi tena, nina bosi. Akauliza kaburi lako limeshika nyasi, nikasema limeshika. Akauliza kama nimepata mtu, nikasema bado, akasema nisichelewe. Akaniuliza hata kuku. Sikuangalia saa, sikuangalia jua. Tulifika mwisho kabisa wa salamu, mpaka pale mtu anapovuta pumzi na kusema haya basi.

Alipoondoka niliinua leza nikabonyeza. Mia na hamsini na mbili. Umbali ulikuwa umekaa palepale unaningoja.

Ndivyo nilivyochagua. Kwenye taarifa niliandika mambo ya kiofisi: kwamba saa haikijui kiwanja chetu na leza haihitaji kukijua, inahitaji bendera tu na mtu wa kuielekeza; kwamba betri yake hudumu; kwamba makedi wakumbushwe kuangalia herufi ya kona na kujihadhari na milingoti ya mkonge; kwamba siku ya mashindano ile namba ya mwinuko izimwe, kama sheria za mchezo zinavyotaka. Sababu yenyewe sikuiandika. Nakuambia wewe. Nimechagua kifaa ambacho mtu anaweza kukishusha, akasalimia hadi mwisho, akakiinua tena, na asiwe amepoteza kitu.

Na kwenye safu ya saba niliandika kwa wino: "Jiwe, 140. Umbali halisi, 152. Aliyetembea hakukosea. Aliyekosea ni aliyehesabu, ambaye ni mimi, nikiwa na miaka tisa, niliposimama kumsalimu mtu mzima. Aliyetembea alijua, na aliwaambia wachezaji wote kwa mdomo." Nikatia sahihi. Niliisoma mara tatu. Nikaipeleka kabla sijaisoma mara ya nne.

Meneja alisoma jedwali akishuka na kidole. Kilipofika safu ya saba kikasimama. Kwa mara ya kwanza aliniangalia mimi akaacha karatasi.

"Aliyetembea ni nani yako?"

"Baba yangu."

Akachukua fimbo zake zilizokuwa nyuma ya mlango, akaniambia nimfuate, na njia nzima mpaka kiwanjani sikujua kama nafuatana na bosi au na hukumu yangu. Alisimama kando ya jiwe la saba, akasoma namba, akachomoa fimbo. Baba Hamisi alikuwa ameshafika, na kofia yako kichwani. Akakohoa.

"Meneja, hapa usisahau salamu."

"Salamu ngapi?"

"Kumi na mbili."

Meneja akaitazama fimbo aliyoishika. Akairudisha, akachomoa ndefu zaidi. Si mchezaji mzuri, Baba, ungemrekebisha mabega. Lakini mpira ulipanda, upepo ukaurudisha kidogo, ukaanguka kwenye ukingo wa brauni ukazama kwenye mchanga ukatulia. Alisimama akiuangalia muda mrefu kuliko mpira ulivyostahili. Kisha akaomba jedwali, akaliweka juu ya mgongo wa mkoba wa fimbo na kuandika chini ya sahihi yangu: "Mawe yote yabaki. La saba lisisogezwe."

Hayo ndiyo niliyotaka ujue. Sasa nakuaga, na sijui kuaga.

Nakuahidi kwamba kila mwaka kabla ya vuli nitalipaka jiwe lile rangi upya, na nitaandika mia na arobaini. Nakuahidi kwamba makedi wapya, kabla ya kushika leza, watafundishwa na Baba Hamisi salamu ni nini. Nakuahidi sitamkatiza mtu mzima katikati ya salamu hata meneja akiwa ananisubiri. Kuogopa sikuahidi kuacha. Nitajaribu kuogopa vitu vichache zaidi.

Ukitaka kunipata, fanya hivi. Usije ndotoni, nitashtuka, unanijua. Usije ofisini, pale hawapokei mtu bila miadi. Nyumba niliyopanga iko nyuma ya mashine ya kusaga, lakini mashine ina kelele, sitakusikia ukibisha. Njoo kiwanjani siku ya Ijumaa, nikishatoka kazini, upepo unapoanza kushuka. Barua hii itakuwa ndani ya kopo chini ya jiwe la saba. Weka visigino vyako kwenye bendera, uipe milima mgongo, utembee kama ulivyokuwa ukitembea. Usihesabu, hiyo ni kazi yangu. Utasikia nimefika mia na arobaini na jiwe hutaliona. Usisimame. Ongeza salamu. Mwisho wake nitakuwa nimekaa hapo.

Wanasema neno lenyewe zamani lilikuwa "nashika miguu." Siku ya mwisho blanketi la hospitali lilikuwa fupi, miguu yako ilibaki nje, nikaishika kwa mikono miwili na ilikuwa ya baridi, na kwa hofu nikasahau kusema neno.

Nimemaliza kuhesabu, Baba.

Shikamoo.

Mwanao, kichwa chako,
Nakiete